Nyumba ya Baba, Lubondja

Vita vilipotufukuza Lubondja, mashariki mwa Kongo, mwaka 1996, nyumba ya baba ilikuwa fahari ya ukoo: kuta za nje matofali ya kuchoma, za ndani matofali mabichi, juu manjanja, yaani mabati. Tulivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, tukafikia kambi ya Nyarugusu, na baba akafia huko. Miaka yote hiyo tuliizungumzia nyumba kana kwamba bado inatungoja nzima.

Oktoba 2005 boti za UNHCR zilianza kurudisha watu Baraka. Desemba 5 mwaka huohuo tetemeko la ukubwa wa 6.8 likatikisa pande zote za ziwa. Tuliporudi, manjanja yalikuwa yameng'olewa na mbao zimeliwa na mchwa. Kuta za ndani, kwa kukosa paa, zilikuwa zimeyeyuka na mvua. Za nje zilisimama, ila pembe moja ilikuwa na ufa wa kupitisha mkono. Majirani walisema ni tetemeko. Mama alisema ni maji.

Yaya, ndugu yangu mkubwa aliyebaki kambini, alituma neno: uzeni. Mnunuzi alikuwepo, tena na dola mkononi. Mimi nilitaka tuzibe ufa na kuezeka upya. Jambo likapelekwa lubunga, baraza la wazee, na baba mdogo akalikata upande mmoja: "Matofali ni yenu, uzeni mkitaka. Kiwanja kina wenyewe, wengine wamelala humo." Sheria ya ardhi ya 1973 inasema ardhi ni ya Serikali, lakini vijijini kwetu mwenye kauli bado ni ukoo.

Kuhusu kutengeneza, fundi ndiye aliyenibadilisha mawazo. Alichomeka mwiko kati ya matofali, udongo wa kushikizia ukamwagika mkavu hadi miguuni pake. Kisha akachimba kando ya pembe. Mawe ya msingi yalikuwa mstari mmoja tu, juu ya udongo mweusi uliotobolewa na mchwa. Akasema, "Huu ufa ukiuziba leo, masika utakufungulia tena."

Basi tukaibomoa. Mama na wajukuu walikwangua matofali moja moja kwa panga, na mengi yalikuwa mazima. Baba aliyachoma vizuri. Tulichimba hadi udongo mgumu, tukapanga mawe ya mtoni. Simenti ilipanda kutoka Baraka kwa pikipiki, ghali, kwa hiyo yote iliishia kwenye msingi. Paa tulilitokeza nje zaidi ili maji yasirukie ukuta. Vyumba vilipungua, na sioni kama ni hasara. Yaya alikuja, akalala humo, na habari ya kuuza hajaitaja tena.

Ndugu zangu mlio Nyarugusu na ng'ambo, msiuze nyumba za wazee kwa simu. Tumeni kwanza mtu achimbe kando ya msingi, awaulize na wazee wa ukoo, ndipo mseme bei.