Mchumba Wangu, Ukoo Wangu na Nyundo ya Babu

Hivi wewe unayesoma ukurasa huu, unamjua babu wa babu yako? Simaanishi jina tu. Unajua alitokea wapi na alikuwa akifanya kazi gani? Mimi sikumjua. Na kiukweli, kama si mambo ya mapenzi, nisingemjua mpaka leo.

Nina miaka 31, ni mhasibu, naishi Arusha. Nilizaliwa Hospitali ya Haydom na kukulia Mbulu mjini. Nyumbani tuliongea Kiswahili na Kiiraqw, na aliyeniuliza kabila nilimjibu bila kufikiri: Mmbulu. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa shati lililonyooshwa na kalamu mfukoni. Mama ni Mwiraqw wa kule Kainam. Kwa upande wa Mama tulijua kila shangazi na kila binamu. Kwa upande wa Baba tulijua kwamba "ndugu wako Hanang", basi. Mtu akichimba zaidi, Baba alikohoa kidogo na kuuliza kama chai ipo tayari.

Mwenzangu nilikutana naye kwenye harusi ya rafiki yangu. Ni bwana mifugo, Mbarabaig wa upande wa Katesh. Si unajua tena, mambo yakaanza kwa meseji za "umeamkaje", yakafika mahali hatulali bila kusikia sauti ya mwenzio. Baada ya miaka mitatu akasema sasa basi, twende nyumbani wakuone. Hiyo ilikuwa 2022.

Nyumbani kwao ni chini kabisa ya Mlima Hanang, mlima wenye zaidi ya mita 3,400. Nilivaa kitenge changu kipya, nikajifunza salamu mbili tatu za Kidatooga, nikapokelewa vizuri. Mama yake alinishika mkono akaniketisha karibu naye. Mikononi alijaza bangili za shaba ya manjano, mpaka akimimina maziwa zinalia. Nikasema moyoni, nimefika.

Ndipo Mzee akauliza, kwa upole tu: "Binti, kwenu ni ukoo gani?"

Nikabaki mdomo wazi. Nilitoka nje kumpigia Baba simu. Kimya kirefu. Kisha akasema, "Mama, mwambie sisi ni watu wa Mbulu. Usiongeze neno." Tangu nizaliwe sikuwahi kusikia sauti ya Baba ikitetemeka.

Siri ya Mwalimu

Wiki iliyofuata nilikwenda Mbulu. Nilimkuta amekaa uani, amevaa koti ingawa jua lilikuwa linawaka. Hakunizungusha. "Sisi ni wahunzi," alisema. "Ni Gidang'odiga."

Kwa msomaji ambaye hajawahi kufika kwetu, ngoja nieleze. Wabarabaig ni sehemu ya Wadatooga, wafugaji ambao ng'ombe kwao ndiyo heshima na benki. Ndani ya Wadatooga kuna ukoo wa wafua chuma, ndio Gidang'odiga. Mkuki wa mfugaji unatoka kwao. Bangili za bibi harusi zinatoka kwao. Lakini mfugaji haoi kwao, wala hawaozeshi binti yake. Wahunzi huoana wenyewe kwa wenyewe, kizazi hadi kizazi. Wazee wanasema kazi ya moto na chuma ina uchafu wake, kwa sababu chuma kinamwaga damu, na kwamba laana ya mhunzi haikwepeki. Kwa hiyo unamhitaji, unamwogopa, na unamtenga. Vyote kwa wakati mmoja.

Baba alipokwenda Mbulu kusoma, aligundua kwamba huko hakuna anayemjua. Alijifunza Kiiraqw mpaka akakiongea kama mwenyeji, akaoa, akafundisha, akastaafu. Mama alijua tangu siku za uchumba na hakumwambia mtu. "Nilitaka mje duniani bila mzigo," Baba aliniambia. Nilitaka kumkasirikia. Nikashindwa.

Vizazi vitano, moto mmoja

Babu yangu mzaa baba alishafariki, lakini mdogo wake yupo na bado anafua. Nilimfuata Hanang peke yangu, nimebeba sukari kilo tano na daftari. Nilipojitambulisha alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema, "Mjukuu wangu, pua hiyo ni yetu. Umechelewa sana." Jamani, nililia.

Tulikaa siku mbili. Yeye anafua, mimi naandika. Kiwanda chake ni kibanda cha nyasi. Kuna mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi inayovutwa kwa zamu, mkono wa kulia na wa kushoto, ili upepo usikatike. Kuna fuawe, koleo, makaa na nyundo. Anachukua koki za bomba zilizokufa na kufuli mbovu, anaziyeyusha kwenye chungu kidogo cha udongo, anamimina kwenye mfereji mwembamba, shaba ikishika anaigonga, anaipinda, kisha anaichora kwa patasi. Bangili imetoka. Chuma cha mikuki na vichwa vya mishale ni misumari na springi za magari.

Huku anagonga, alinihesabia. Babu wa babu yangu hakuwa Mdatooga kabisa. Kwa masimulizi ya ukoo wetu, alitokea Ihanzu, nchi ambayo leo iko Wilaya ya Mkalama mkoani Singida. Alikimbia njaa akiwa kijana, akapita bonde la Yaeda, akaingia Hanang kabla Wajerumani hawajajenga boma lao Mbulu. Hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Alikuwa na nyundo na alijua kazi. Mgeni wa namna hiyo atampata wapi mke? Wahunzi wakampokea, wakampa binti yao, na kuanzia hapo watoto wake wakawa Gidang'odiga.

Mwanawe, wa kizazi cha pili, ndiye aliyepata jina. Alifua mikuki, akafua vichwa vya mishale na kuvipeleka Yaeda Chini kwa Wahadzabe, akarudi na asali. Wahadzabe, wawindaji wasio na ng'ombe, hawakumuuliza ukoo. Walipima tu ukali wa chuma.

Wa tatu ni babu yangu. Yeye alikutana na mashamba ya ngano. Miaka ya 1970 shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Canada, lilipanua mashamba makubwa upande wa Basotu, yakafika saba, na karibu ekari 100,000 za ardhi ya malisho zikawa ngano. Wafugaji walipoteza nyanda zao bora, na uchungu wake unasimuliwa mpaka leo. Babu naye alipoteza malisho, maana wahunzi pia wana mifugo. Lakini matrekta yanakufa, na trekta lililokufa ni chuma. Kwa chuma hicho aliwasomesha watoto, na mmoja wao akawa mwalimu aliyeficha alikotoka. Huyo ndiye wa nne. Wa tano ni mimi, mhasibu wa Arusha mwenye kucha za rangi.

Nilimuuliza Babu kama huwa anaona uchungu kutengwa. Akacheka. "Wanaoana bila sisi," alisema, "lakini hawaoani bila bangili zetu."

Tatizo si letu peke yetu

Niliporudi mjini nilianza kusoma. Nikagundua kwamba Wamaasai nao wana wahunzi wao, il-kunono, ambao hawaoani na ukoo mwingine. Lakini ukienda magharibi mwa nchi hii hii, mambo yanageuka. Kule Karagwe, enzi za Mfalme Rumanyika aliyempokea Mwingereza John Speke mwaka 1861, hazina ya ufalme ilikuwa na fuawe na ng'ombe wadogo wa chuma. Yaani kazi ile ile iliyomfanya babu yangu asipewe mkono, kwingine ni alama ya mfalme. Nikajiuliza: kama uchafu uko kwenye chuma, mbona haukufika Karagwe?

Sasa likabaki swali gumu. Niwaambie wakwe au ninyamaze? Marafiki zangu wa ofisini walisema nyamaza, nani atajua? Wengine wakasema nendeni bomani mkafunge ndoa, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka hiari ya wawili waliotimiza umri, si baraka ya ukoo. Ni kweli. Unatoa taarifa siku 21 kabla, mnaoana. Lakini sheria haikai mezani na mama mkwe siku ya Krismasi.

Nilianza na mwenzangu. Nilimwambia usiku, kwenye gari, taa zimezimwa. Alinyamaza kwa muda ambao kwangu ulikuwa mwaka mzima. Kisha akasema kitu ambacho sitakisahau: "Mimi sikatai. Ila naogopa, na sijui naogopa nini." Nilimpenda zaidi kwa ule ukweli kuliko kama angejifanya shujaa.

Tulikwenda pamoja kumwambia Mzee. Hakugomba. Alisimama, akachukua fimbo yake, akaenda kwa ng'ombe. Alikaa huko mpaka tukaondoka. Mchumba wangu alipigiwa simu na baba zake wadogo watatu kwa wiki moja, wote wakisema maneno yale yale: wasichana wamejaa, kwa nini huyo? Mwaka mzima wa 2023 hatukukanyaga kwao.

Halafu ikaja Desemba 3, 2023. Mvua kubwa, mlima ukaachia tope, mawe na miti, vikashuka Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Sisi tulikwenda siku ya pili. Boma la kina mwenzangu lilikuwa salama, lakini jirani zao walikuwa wanachimba, na makoleo na majembe yalikuwa yanavunjika kwenye mawe. Babu mdogo alikuwa amehamishia mivukuto yake kando ya njia. Ananyoosha majembe, anatia mipini, hachukui senti. Watu wamepanga foleni.

Katika foleni hiyo nilimwona Mzee, ameshika jembe lililopinda.

Sikusogea. Nilimwona Babu akipokea jembe, akilitia motoni, akiligonga, akilirudisha. Wale wazee wawili walibaki wanatazamana. Mzee akamuuliza kitu kwa Kidatooga, Babu akajibu, akaelekeza kidole kwangu. Baadaye Babu aliniambia swali lilikuwa, "Yule binti ni wako?" Na yeye alijibu, "Ni wangu, na wewe unajua."

Msomaji wangu, usidhani siku hiyo tulipewa baraka na ngoma ikapigwa. Hapana. Miezi minne baadaye Mzee alituma ujumbe kwamba hatazuia, ila yeye hatahudhuria. Tulifunga ndoa mwaka 2024. Mama mkwe alikuja na shangazi wawili. Baba zake wadogo hawakuja, na mmoja mpaka leo hali chakula ninachopika. Mzee hakuja, kama alivyosema. Lakini asubuhi ya harusi mama mkwe alivua bangili moja mkononi mwake, akanivalisha. Haikupita kiganjani kirahisi, ikabidi tutumie sabuni. Tulicheka mpaka poda ikaharibika.

Baba yangu alikuwepo. Muda wa kutambulisha ukoo ulipofika, mshereheshaji alikuwa ameandikiwa "familia ya Mwalimu kutoka Mbulu". Baba akaomba kipaza sauti. Akataja jina la baba yake, la babu yake, na la yule kijana wa Ihanzu aliyekuja na nyundo. Akasema, "Sisi ni wafua chuma." Akakaa. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, lakini sauti haikutetemeka.

Siku hizi watalii wanaokwenda Ziwa Eyasi hupelekwa kwa wahunzi wa Kidatooga, wanapiga picha na kununua bangili. Ni vizuri, ni riziki. Ila mimi sitaki watoto wangu waujue ukoo wao kupitia picha ya mgeni.

Kwa hiyo nina ushauri kwa ninyi mnaochumbiana. Mnaulizana mshahara, mnapima afya, mnaulizana idadi ya watoto. Ongezeni swali moja: kwenu kuna kitu gani ambacho hakisemwi? Muulizane mapema, kabla mzee wa watu hajawauliza mbele ya kikombe cha maziwa. Na kama una babu au bibi aliye hai, nunua sukari, chukua daftari, nenda mwezi huu. Mimi aliniambia nimechelewa, na bado nilibahatika kumkuta.