Wiki ya Ngano

Mimi ni fundi cherehani, na kabla ya Machi 2020 sare za shule ndizo zilizokuwa zikinilisha. Kwa hiyo Serikali ilipotangaza Jumapili ile ya tarehe 15 kwamba shule zifungwe, nilipoteza kazi na kupata wanafunzi wawili kwa mpigo. Mkubwa alikuwa na miaka mitano, ndiyo kwanza ameanza PP2, darasa la pili la chekechea. Mdogo alikuwa na mitatu, na ujuzi wake wote ulikuwa katika kufukuza kuku.

Nilianza jinsi wazazi wengi walivyoanza hapa Njokerio, karibu na lango la Chuo Kikuu cha Egerton. Sebule ikawa darasa. Saa mbili hesabu, saa tatu kusoma, saa nne uji, halafu kuandika mpaka mtu alie. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilikuwa ikipeperusha vipindi redioni na kwenye Edu Channel, lakini redio haimsubiri mtoto anayetafuta penseli chini ya kochi. Magoha, waziri wa elimu wakati huo, alipotangaza Julai kwamba mwaka mzima wa masomo umepotea, ratiba yangu ya ukutani ilikuwa imekwisha kuchanika, na sikuibandika tena.

Rafiki mmoja ndiye aliyenitumia kwa simu furushi la masomo ya nyumbani lililotungwa Marekani. Mpango wake ulikuwa rahisi: kila wiki ina jambo moja, na kila kitu cha wiki hiyo hulizunguka jambo hilo, iwe ni kuhesabu, kuimba, kupaka rangi, kupika au kutembea. Nilikwenda kulichapisha kwenye saiba ya hapo langoni. Wanafunzi wa chuo walikuwa wametumwa makwao, na mwenye saiba alinipokea kama mgeni wa harusi. Nikarudi nyumbani na wiki ya tufaha, wiki ya theluji, wiki ya zimamoto na wiki ya majani yanayopukutika.

Mama yangu alizipitia karatasi hizo polepole, miwani puani. Alifundisha nasari ya kanisa miaka ya themanini, mishahara ikitoka kwa michango ya wazazi, wakati ambapo KIE, taasisi iliyotangulia KICD, ilikuwa imeunda kituo cha kitaifa cha elimu ya chekechea, NACECE, mwaka 1984. Aliinua ile picha ya tufaha jekundu akaniuliza, “Na mapea ya hapo nje yana kosa gani?”

Kwake hakukuwa na jipya lolote. Walimu wa nasari wa kizazi chake walifundishwa kupanga wiki kwa mada, na vifaa vyao vilikuwa magunzi, vifuniko vya soda, mbegu za maboga na udongo wa mfinyanzi. Pwani nako, Bi Swafiya Said alianza mwaka 1986 kuwafundisha walimu wa chekechea za madrasa mjini Mombasa kutengeneza vifaa kwa vitu vilivyowazunguka. Furushi langu la simu lilikuwa limezunguka dunia nzima kuniletea kitu ambacho mama yangu alikuwa nacho kwenye sanduku chini ya kitanda. Sanduku lenyewe lilikuwapo bado, na ndani yake hata shanga hazikuwa zimepotea.

Theluji ndiyo iliyovunja lile furushi. Niliikata pamba, nikaimwaga mezani, nikaeleza. Mkubwa akauliza kama theluji ni pamba, na nikaona kwamba tungeendelea hivyo mchana kutwa. Siku chache baadaye, alasiri, mvua ya mawe ikapiga. Anayeishi Njoro anaijua: mabati yanapiga kelele mpaka hamsikizani, na ikiisha ua wote umekuwa mweupe na majani ya maharagwe yametoboka. Tulitoka na sufuria. Watoto walijaza, wakapima kwa futikamba yangu ya ushonaji jiwe kubwa kuliko yote, wakapasua moja kwa nyundo wakaona duara ndani ya duara. Sufuria moja tuliiweka kwenye baridi ya veranda na nyingine karibu na jiko, tukaona ipi itayeyuka kwanza. Mdogo alilia barafu yake ilipokwisha. Jirani yangu naye alikuwa akilia, kwa sababu ya mahindi yake, na jioni hiyo tulikwenda kumsaidia kuinua yaliyolala. Hilo nalo likaingia kwenye wiki.

Tangu hapo nikawa naangalia nje kabla ya kuangalia karatasi. Msimu ndio uliopanga: kupalilia, viazi, kuvu baada ya mvua, siafu, ukungu wa Julai ambao hapa hukufanya uwashe jiko la makaa saa tano asubuhi. Lakini wiki iliyozidi nyingine zote, na ambayo watoto waliiomba kila mwaka, ilikuwa ya ngano, ingawa kusema kweli haikupata kuwa wiki moja. Ilianza Agosti ikaisha Novemba.

Njoro ni nchi ya ngano. Kituo cha utafiti ambacho leo kiko chini ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, kimekuwa kikizalisha mbegu za ngano hapa tangu mwaka 1927, na tangu 2005 wataalamu hupanda papo hapo maelfu ya aina kutoka sehemu mbalimbali za dunia ili kuona zipi zitahimili kutu ya shina ile inayoitwa Ug99, iliyogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya tisini. Sisi hatukuhitaji kuingia kituoni. Agosti hiyo, kando ya shamba la mkulima mmoja, tulipata shina lenye vidonda vya rangi ya matofali. Mkubwa alikipitisha kidole, kikatoka na vumbi jekundu. Nilimwambia hiyo ni kutu, na kwamba upepo ukiipata inaweza kuvuka nchi. Alikishika kidole chake juu njia nzima mpaka nyumbani, kisha akakiosha kwa sabuni mara mbili, asije akawa yeye ndiye aliyeivusha.

Kilichowafurahisha kupita kiasi ni kwamba aina nyingi za ngano zilizotoka katika kituo hicho zimepewa majina ya wanyama na ndege: Kenya Swara, Kenya Kongoni, Kenya Nyumbu, Kenya Popo, Kenya Chiriku. Kuna hata Kenya Nyangumi, na mdogo alitaka kujua kama hiyo hupandwa majini. Tulichora kila mnyama akiwa na masuke badala ya manyoya. Michoro hiyo ilikaa kwenye ukuta wa chumba changu cha kushonea muda mrefu, na wateja walinisumbua wakitaka maelezo.

Kombaini ilipopita, mkulima alituruhusu kuokota masazo. Watoto wa majirani walikuwa wameanza kujiunga, kila mmoja na kikapu chake. Suke unalisugua katikati ya viganja, unapuliza makapi, unabaki na punje. Kabla ya kusugua, kila mtu alitaja idadi anayodhani, halafu tukahesabu. Aliyekaribia alipewa nafasi ya kwanza kwenye jiwe la kusagia. Nao wakafanya kile ambacho watoto wa Njoro wamefanya tangu zamani, bila kufundishwa na yeyote: walitia gao la punje mbichi mdomoni wakatafuna, wakameza wanga wakatafuna tena, mpaka ikabaki chingamu ya kijivu inayovutika. Nilijaribu kueleza kwa nini unga wa mahindi hauwezi kufanya hivyo, nikaishia kuwapa wajaribu. Walijaribu. Nyuso zao zilitosha kuwa jibu. Chapati tulizopika kwa unga wetu zilikuwa nzito na za kahawia, na swali likawa weupe wa chapati za dukani hutoka wapi. Tukachukua chekecho, tukaona wishwa unavyobaki juu. Kuku wakala wishwa.

Wiki ya mto ilitupeleka mbali zaidi. Mto Njoro unatoka Mau Mashariki na kuishia Ziwa Nakuru, ziwa lisilo na njia ya kutokea. Watoto waliachia mashua za maganda ya miti, wakakimbia nazo ukingoni mpaka zikanasa, kisha wakauliza maji yote hayo yanaenda kujaza nini. Mwaka huo jibu lilikuwa rahisi kuonekana: ziwa lilikuwa limefura mpaka lango kuu la mbuga likamezwa. Kando ya mto huu huu, mwaka 1938, wanaakiolojia Mary na Louis Leakey walichimbua pango ambamo watu wa kale, kiasi cha miaka 3,000 iliyopita, walizikwa baada ya kuchomwa, wakiwa na mabakuli ya mawe, michi, mamia ya shanga za mawe na hata mabaki ya vibuyu. Wiki hiyo nilikuwa nimeweka kazi ya kutunga shanga, kwa sababu vitabu vyote husema inaimarisha vidole vya mtoto kabla ya kushika penseli. Niliwasimulia habari za pango wakiwa wanatunga. Mkubwa alitaka kujua wao walitobolea nini jiwe bila msumari, na bado ananidai jibu.

Vibuyu vilituleta kwa Kogo, bibi wa Kikipsigis anayeishi nyuma yetu. Alikuwa akitayarisha kibuyu cha mursik. Kijiti cha senetwet kikiwa kimeshika moto alikiingiza ndani, akaponda makaa yake kwa ufagio mwembamba wa sosiot, akazungusha, akakung’uta, akanusa. “Msiguse, hii si ya kuchezea,” aliwaambia, na baada ya muda mfupi kila mtoto alikuwa na kazi, wa mwisho akiwa na uso mweusi hadi masikioni. Alipomimina maziwa yaliyochemshwa na kupoa aliwaambia warudi baada ya siku kadhaa. Walikwenda kila siku kuuliza kama tayari. “Mwalimu,” akaniita kwa kejeli, “hawa wako hawajui kungoja. Hiyo haiko kwenye karatasi yako?”

Januari 2021 shule zilifunguliwa kwa wote. Wazazi walikimbilia sare, maana watoto walikuwa wamerefuka, na juu ya sare kulikuwa na barakoa. Cherehani haikulala. Mkubwa alirudi PP2. Mdogo nilimbakiza, na wazazi kadhaa wa jirani wakaniachia wa kwao, lakini sikuwa tena na asubuhi nzima ya kuwapa. Hapo ndipo mambo yakageuka: mama yangu alichukua siku zake, Kogo zake, mimi nikabaki na kupanga na kutafuta vifaa. Mama alifundisha kwa nyimbo na nidhamu. Kogo hakufundisha kabisa. Alifanya kazi zake na watoto wakamfuata. Nisingethubutu kusema nani alikuwa mwalimu bora, wote wawili wasoma gazeti.

Mzee wa Nyumba Kumi alipita siku moja kuuliza kwa nini mdogo haonekani shuleni. Alikuwa na haki ya kuuliza. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule, na anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000 au kufungwa hadi mwaka mmoja. Mwaka 2019 baba mmoja wa Kaunti ya Kakamega alikamatwa kwa kuwasomesha watoto wake nyumbani. Nilimwahidi mzee kwamba Gredi ya Kwanza haitampita. Wapo wanaoniambia nisingejali, kwamba Beryl Markham alikulia hapa Njoro akiwinda na watoto wa Kinandi badala ya kukaa darasani, na mwaka 1936 akavuka Atlantiki peke yake kwa ndege. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba baba yake alikuwa na shamba, farasi wa mashindano na mashine ya kusaga nafaka. Elimu ya nyumbani inahitaji mtu mzima aliye nyumbani, na hilo ni jambo la chakula kabla halijawa jambo la falsafa. Nilikuwa naye kwa sababu kazi ilikufa, na ilipofufuka nilikuwa na bahati ya mabibi wawili.

Kisha shule yenyewe ikaja kwangu. Mtaala wa umilisi ulikuwa umeanza madarasani tangu 2019, na mkubwa alianza kuleta maagizo: leta mbegu aina tofauti, tengeneza sanamu ya kufukuza ndege, piga picha ya mtoto akiosha vyombo. Wazazi wenzangu walinung’unika, na sikuwalaumu. Anayerudi saa mbili usiku kutoka kibaruani hana saa ya kusuka kikapu, na mara nyingi sanamu zilizofika shuleni zilitengenezwa na mafundi kwa malipo. Wawili walinijia mimi. Nilikataa kuwatengenezea, lakini nikawapa matambara na kuwaambia wamwache mtoto ashone vibaya.

Mdogo aliingia Gredi ya Kwanza Januari 2023. Kikundi kilitawanyika taratibu, na siku hizi hukusanyika likizoni tu, kikitaka mambo ambayo siyajui, kama vile kufungua redio mbovu. Sanduku la mama nimempa binti mmoja aliyehamia hapa akitoka Mau Narok, mwenye mtoto wa miaka mitatu. Alinirudishia karatasi za ngano. Kwao ni viazi, alisema, na tayari alikuwa amemfundisha mwanawe kutofautisha macho ya kiazi na makovu. Sasa anataka wiki ya pareto, akaniuliza kama maua huchumwa yakiwa yamefunguka yote au nusu. Nikamwelekeza kwa Kogo.