Mtoto wa Kericho Aanze na Kericho

Mwaka 1876 vijana wachache wa Barcelona waliunda chama ambacho kazi yake ilikuwa kutembea na kujifunza. Walitoka mjini alfajiri, wakapanda milima, wakaingia vijijini, wakachora makanisa yaliyokuwa yakibomoka na kuandika hadithi walizosimuliwa na wazee. Mwaka 1890 chama hicho kiliungana na kingine, kikawa Centre Excursionista de Catalunya, na kipo mpaka leo. Ofisi zake ziko katika kichochoro cha mji wa kale, na ndani ya ua wake zimesimama nguzo nne za hekalu la Warumi lenye umri wa miaka elfu mbili hivi. Lluís Domènech i Montaner, msanifu aliyejenga ukumbi wa muziki wa Palau de la Música Catalana kati ya 1905 na 1908, alikuwa mmoja wa watembezi hao. Kabla ya kuwajengea Wakatalonia majumba mapya, alizunguka kwanza kuyatazama yale waliyokuwa nayo.

Nimekuwa nikiishi huku Katalonia kwa muda sasa, na kati ya mambo yote ya huku, hili ndilo ninalolitamani zaidi kwa watu wa nyumbani. Siku za Jumamosi treni hujaa vikundi vya watu waliofungasha mkate na maji wakienda mahali pa karibu kujifunza: wanafunzi, wastaafu, majirani wa mtaa mmoja, hata madarasa ya lugha ya wageni kama lile nililosomea Kikatalani. Wanaondoka asubuhi na jioni wako nyumbani. Hakuna anayelala hotelini. Wanaye kiongozi aliyesoma habari za mahali hapo, anayejua kuuliza swali kabla ya kutoa jibu.

Ziara iliyonigusa kuliko zote ni ya Colònia Güell. Ukipanda treni kutoka Plaça d'Espanya unafika kwa chini ya nusu saa. Eusebi Güell, tajiri wa viwanda vya nguo, alihamishia kiwanda chake hapo mwaka 1890, mbali na migomo ya Barcelona, kisha akawajengea wafanyakazi nyumba, shule, duka, ukumbi wa maigizo na mahali pa ibada. Kanisa alimpa Antoni Gaudí alisanifu. Ujenzi ulianza 1908, ukasimama 1914, na ni sehemu ya chini tu iliyokamilika. Hiyo nusu ya kanisa ndiyo UNESCO iliyoiweka katika Urithi wa Dunia mwaka 2005.

Kiongozi wetu hakuanza na Gaudí. Alituanzishia mtaani, mbele ya nyumba za wafanyakazi, akatuuliza: nani aliishi hapa, na nani aliishi katika ile kubwa yenye mnara? Meneja alikaa wapi ili awaone wote? Mwalimu je, mbona nyumba yake imepambwa kuliko ya fundi? Akatusimulia habari za mwaka 1905, wakati mvulana mmoja wa kiwandani alipotumbukia katika pipa la rangi iliyokuwa ikichemka, na jinsi watu wa pale, pamoja na wana wa Güell mwenyewe, walivyotoa ngozi ya miili yao ili aponywe. Watoto wa shule waliokuwa karibu nasi walinyamaza. Kisha mmoja akauliza kilichomfikisha mtoto kazini badala ya darasani, na hilo likawa somo la nusu saa.

Ndipo tukaingia kanisani. Nguzo zimeinama kama miti, wala hakuna mbili zinazofanana. Gaudí alitundika nyuzi kutoka juu, akazifunga vifuko vidogo vya risasi, akaziacha zijipinde kwa uzito wake zenyewe. Akapiga picha umbo lile na kuigeuza juu chini, na mikunjo ya nyuzi ikawa matao. Vyuma vya madirishani ni sindano kuukuu za mitambo ya kufumia nguo ya kiwanda kile kile. Watoto walipewa mnyororo mwembamba waushike ncha mbili na kuona unavyolala. Fizikia, historia na sanaa, yote katika asubuhi moja na bila kitabu.

Nikiwa pale mawazo yangu yalikuwa nyumbani. Maana mpangilio ule naujua tangu utotoni: safu za nyumba za wafanyakazi tunazoziita laini, nyumba ya meneja kilimani yenye nyasi zilizokatwa, zahanati, shule ya msingi, uwanja wa mpira, kanisa, na kiwanda kinachotoa moshi nyuma ya mikaratusi. Mashamba makubwa ya majani chai ya Kericho yalijengwa kwa fikra ile ile, mfanyakazi alale, asali, augue na apeleke mtoto shule ndani ya ardhi ya mwajiri. Tofauti ni kwamba Wakatalonia wameufanya mpangilio huo kuwa darasa, hasa tangu kiwanda kile kilipofungwa mwaka 1973, na sisi tunapita katikati ya wetu kila siku tukiwahi matatu.

Mpwa wangu anasoma Bomet. Shule yao ilifanya tripu ya Nairobi, wazazi wakachanga pesa ambazo kwa familia nyingine ni za mwezi mzima wa kuchuma. Basi liliondoka kulipopambazuka. Nilipompigia simu nikamuuliza alichokiona, akasema, "Mjomba, ndege ni kubwa kuliko nilivyodhani." Nilifurahi kwa ajili yake, na sisemi watoto wasiuone mji mkuu wao. Lakini nilipomuuliza majani yanayochumwa na mama yake huenda wapi yakishapimwa na kupakiwa kwenye lori, hakujua zaidi ya jina la kiwanda. Mtoto ametembezwa mamia ya kilomita kuona ndege kupitia uzio, na mlango wa kiwanda ambacho mzazi wake ana hisa ndani yake hajawahi kuuvuka.

Tuseme basi tunapanga siku moja ya kujifunza bila kutoka nje ya Kericho na Bomet. Mimi ningeanzia Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, mjini Kericho, lililowekwa wakfu Mei 2015. Lilisanifiwa na John McAslan + Partners wa London na huketi watu 1,500. Mbavu za zege zinapanda na kutanuka kutoka mlangoni kuelekea altareni, katikati yake mbao nyembamba zimepangwa, na nuru inaingia kutoka juu. Kwa nje, paa la vigae linateremka chini sana, lifaavyo mji ambao mvua yake hupiga karibu kila alasiri, mara nyingine kwa mawe. Wasanifu wa nchi za mbali wamelisoma katika majarida. Mwanafunzi wa Kapsoit anaweza kulisoma kwa macho yake, apime kivuli, ahesabu mbavu, aulize kwa nini zinakua. Swali hilo ndilo nililokuja kusikia huku mbele ya nguzo za Gaudí.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi gurudwara ya Masingasinga. Imejengwa kwa kumbukumbu ya Baba Puran Singh, aliyeishi Kericho miaka mingi kabla ya kuhamia Birmingham, na Masingasinga wa Uingereza bado humwita kwa jina la mji wetu. Anayeingia pale kwa heshima, miguu mitupu na kichwa kimefunikwa, hulishwa bila kuulizwa dini wala pesa. Huku Barcelona sijaona mahali pa namna hiyo katika ziara zote. Kila mlango una tiketi yake, na tiketi ya Sagrada Família peke yake inaweza kumshinda mzazi wa Katalonia mwenye watoto watatu.

Kiwanda ningekipa muda mrefu kuliko pengine pote. Kusini mwa Katalonia kuna maghala ya mvinyo yaliyojengwa na vyama vya ushirika vya wakulima wadogo karibu na 1920, huko Gandesa na El Pinell de Brai. Yalisanifiwa na Cèsar Martinell, aliyekuwa mfuasi wa Gaudí, na watu huyaita makanisa makuu ya mvinyo. Wakulima wale hawakuwa matajiri, ila waliona kazi yao inastahili jengo zuri, na vitukuu wao leo huwapitisha wageni humo kwa fahari. Sasa fikiria Momul, Tegat, Kapkatet, Litein, Mogogosiek, Kapset. Hivi ni viwanda vya wakulima wadogo chini ya KTDA, iliyoanza kama shirika la serikali mwaka 1964 na kuwa kampuni ya wakulima mwaka 2000. Ndani yake mtoto angeona majani yakinyaushwa usiku kucha juu ya vitanda vyenye upepo, yakapita kwenye mashine za kuyakata na kuyasokota, yakageuka rangi kutoka kijani hadi shaba, yakakaushwa kwa joto la kuni, yakachujwa kwa ukubwa wa chembe. Angeonja madaraja mbalimbali. Angeelezwa mnada wa Mombasa na angeelewa, labda kwa mara ya kwanza, bonasi inayozungumzwa mezani inahesabiwaje na kwa nini mwaka mmoja mama anacheka na mwaka mwingine anakaa kimya.

Na Timbilil, nje kidogo ya mji, kuna watafiti wa chai waliotoa chai ya zambarau ambayo wakulima waliipokea mwaka 2011. Hiyo nayo ni safari ya asubuhi moja.

Kuna sehemu ya ziara isiyo tamu, na hapa ndipo Wakatalonia walinifundisha zaidi. Kiongozi wa Colònia Güell hakutuficha zilikotoka pesa. Baba yake Güell alitajirika Cuba. Baba mkwe wa Güell, Antonio López, alihusishwa na biashara ya watumwa, na mwaka 2018 manispaa ya Barcelona iliiondoa sanamu yake. Watoto wa shule huambiwa hayo mbele ya jengo zuri, na uzuri wa jengo haupungui.

Kwetu nako inafaa iwe hivyo. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis kwa maafisa wa Uingereza waliolemaa vitani, ili walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa, na katikati ya miaka ya 1920 Brooke Bond na James Finlay wakaingia na chai. Mwaka 1934 ikapitishwa sheria ya kuwaondoa Laibon, viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, na watu wa ukoo wao wa Talai, wazee kwa watoto, wakapelekwa Gwassi kando ya Ziwa Victoria, kwenye joto, mbung'o na malaria, wakakaa huko hadi karibu na uhuru. Waliporudi, wengi hawakuwa na ardhi ya kurudia. Mwaka 2022 malalamiko ya Wakipsigis na Talai yalifikishwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mtoto anayepigwa picha katikati ya majani chai anapaswa kuyajua haya akiwa amesimama pale pale, na ayasikie kwa mzee wa Talai mwenyewe, ambaye hahitaji kuyasoma kitabuni.

Hapo ndipo sisi tunawazidi. Kiongozi wa huku amefunzwa vizuri, lakini wafumaji wa Colònia Güell walio hai ni wachache. Kericho ina wastaafu waliochuma kwa mkono kabla ya mashine, zile mashine zilizochomwa moto katika ghasia za mwaka 2023. Ina Waluo, Wakisii na Waluhya waliozaliwa katika laini na kuzeekea humo, na wazee wa Kipsigis wanaojua kila mto uliitwaje kabla ya shamba kupata namba. Walimu hao hawalipwi na hawaulizwi.

Neno kuhusu Fort Ternan. Pale, mwaka 1961, Louis Leakey alipata taya la Kenyapithecus, kiumbe aliyeishi takriban miaka milioni 14 iliyopita. Ni katika kaunti yetu, na wanafunzi wetu wengi hulisikia jina hilo kwa mara ya kwanza katika kitabu cha historia cha sekondari. Mfano wa kujifunza uko huku: kijiji cha Taüll kilipoteza michoro ya kanisa lake la mwaka 1123 iliyobanduliwa ukutani na kupelekwa Barcelona kati ya 1919 na 1923, ili isiuzwe nje kama ilivyouzwa ya Mur, iliyoko Boston hadi leo. Taüll hawakuketi kulia. Siku hizi huangaza picha ya michoro ile kwa taa juu ya ukuta ule ule ilikotoka, na watoto hupanda mabasi kwenda kuitazama. Kwa Fort Ternan hata bango la picha zilizochorwa vizuri na mwalimu mwenye maneno vingetosha kuanzia.

Sitamani tuige kila kitu. Barcelona imechoka na wageni. Tangu 2013 sehemu maarufu ya Park Güell huingiwa kwa tiketi, na mwaka 2024 wakazi waliandamana barabarani kupinga utalii uliozidi. Ziara ninazozitetea ni za mtoto wa kwetu kwanza. Mgeni akija baadaye, aje akute mwenye nyumba anaijua nyumba yake.

Basi kwa wazazi wa Kericho na Bomet mnaopeleka majani kwenye viwanda vya KTDA: mna hisa, na kila mwaka mnaitwa kwenye mkutano mkuu. Mwaka huu mmoja wenu asimame aombe kiwanda kifungue lango kwa wanafunzi Jumamosi moja kila muhula, siku ambayo majani yamepungua, wavae makoti meupe na kofia na wapitishwe na mfanyakazi mstaafu. Walimu wakuu, andikeni barua kwa paroko na kwa kamati ya gurudwara kabla ya kulipia basi la Nairobi. Nauli ya kwenda kanisani na kiwandani ni sehemu ndogo tu ya ile ya tripu.