Daftari la Saa Tatu na Vihisi vya Mlima Kenya

Kwa miaka mingi kumbukumbu za mvua katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Nyeri na Karatina hadi Naro Moru na Nanyuki, zilitegemea msomaji wa kipimamvua ambaye kila siku, saa tatu asubuhi, aliyamimina maji ya saa 24 katika chupa ya kupimia, akasoma milimita zake na kuziandika daftarini. Tarakimu hiyo moja iliunganisha dhoruba ya alasiri na manyunyu ya alfajiri, wala hapakuwa na njia ya kuzitenganisha tena, ingawa milimita 30 zinazonyesha kwa nusu saa huporomosha udongo wa mashamba ya chai, na milimita hizohizo zikinyesha polepole mchana kutwa hulowesha mizizi.

Mito nayo ilisomwa vivyo hivyo. Mwandishi wa kumbukumbu hii aliwajua wasomaji waliokuwa wakiteremka mtoni kutazama ubao wenye alama za sentimita, na anatambua kwamba maarifa ya leo kuhusu masika na vuli yamejengwa juu ya uaminifu wao. Hata hivyo, mafuriko yaliyopanda usiku na kushuka kabla ya mapambazuko hayakuacha alama yoyote katika maandishi yao.

Mabadiliko yalikuja kwa vihisi, yaani vifaa vinavyopima na kutuma vipimo bila kusubiri mtu. Mwaka 1999 kituo cha kuchunguza angahewa kilianzishwa mlimani, katika mwinuko wa mita 3,678, na baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, waliweka juu ya Mto Muringato vihisi vinavyotoa sauti isiyosikika kwa sikio la binadamu, vikapima muda ambao mwangwi huchukua kurudi kutoka kwenye maji, na kutoka hapo kina cha mto kikakokotolewa.

Wingi huo wa vipimo ulizua swali ambalo daftari lilikuwa limelijibu kimyakimya: vipimo vikusanywe kwa kipindi gani, na kwa hesabu ipi? Mvua hujumlishwa, kwa kuwa maji huongezeka juu ya maji. Joto hutafutiwa wastani. Kina cha mto kinachohofiwa kufurika huhitaji kipimo cha juu kabisa cha kila kipindi, kwa sababu wastani wa siku hukifukia kilele cha dakika chache. Tawi likipita chini ya kihisi na kuleta kipimo cha ajabu, thamani ya katikati, inayopatikana vipimo vikipangwa kuanzia kidogo hadi kikubwa, haiyumbi kama wastani unavyoyumba. Na pale mawasiliano yanapokatika, pengo halina budi kubaki pengo, kwani likihesabiwa kuwa sifuri, jumla ya mwezi itatangaza ukame ambao haukuwapo.

Kituo cha mlimani kinaonyesha kwamba hata mipaka ya kipindi ina uzito wake. Mchana jua hupasha miteremko joto na upepo hupanda na hewa ya nyanda za chini, yenye moshi na vumbi la makazi na mashamba. Usiku mkondo hugeuka, na kituo hupata hewa ya tabaka za juu, inayowakilisha eneo pana. Wastani wa saa 24 huzichanganya hewa hizi mbili na kutoa tarakimu isiyoeleza ipasavyo hata moja kati ya hizo, ndiyo maana mtafiti wa angahewa pana huchagua saa za usiku.

Kwa hiyo vipimo ghafi vinapaswa kuhifadhiwa daima, kwa kuwa dakika huweza kujumlishwa kuwa siku lakini siku haiwezi kurudishwa kuwa dakika. Na kila tarakimu inayotolewa kwa mkulima au kwa wakazi wa kandokando ya mto iandamane na kipindi chake, hesabu iliyotumika na idadi ya vipimo vilivyopatikana, ili anayeitegemea aweze kuipima mwenyewe.