Ulimi na Meno ya Chini

Wahenga waliposema ulimi unauma kuliko meno, hawakumfikiria mtu aliyebakiwa na ulimi peke yake. Mimi ndiye huyo. Jino langu la mwisho liling'olewa mwaka 2019, nikatengenezewa meno ya bandia, ya juu na ya chini.

Ya juu hayajanisumbua. Yana kaakaa pana la kushikilia, na mate huyagandisha hapo kama bilauri inavyogandana na kisahani kilicholowa. Ya chini yamekaa juu ya ukingo mwembamba wa ufizi, uliopinda mfano wa mwezi mchanga, na ndani ya ukingo huo analala jirani asiyetulia. Tena ukingo wenyewe huliwa na miaka: utafiti wa Tallgren uliochapishwa mwaka 1972, uliowafuatilia wenye meno ya bandia kwa miaka 25, ulionyesha kuwa mfupa wa taya la chini hupungua takriban mara nne kuliko wa juu.

Kwa mtu mwingine hayo ni shida ya mezani. Mimi huitwa kughani tenzi arusini na katika hafla, na kila nilipofika ubeti wa tano au wa sita, meno yalinyanyuka. Daktari aliyapima, akayaona yamekaa sawa. Kisha akaniambia nifumbue kinywa kidogo tu, kama anayepokea kijiko cha uji. Ulimi wangu ulikuwa umejivuta nyuma.

Ulimi ukilala mbele, ncha yake ikagusa meno ya mbele kwa ndani na pande zake zikaegemea kingo za meno, ile nyama laini iliyo chini yake hujaza pembezoni na kuzuia hewa isipenye. Ukijivuta, nyama hiyo hukazika, hewa hupenya, meno huelea. Wako wengi wenye ulimi wa namna hiyo, wasijue.

Nikaambiwa niuzoeze ulimi kupumzika mbele. Kupumzika ni rahisi. Kughani ndiyo kazi. Th ya thamani na dh ya dhahabu huuleta ulimi mbele, lakini gh na kh huuvuta nyuma, na neno kughani lenyewe limo humo! Vokali nazo zimegawanyika: i na e ni za mbele, u na o ni za nyuma. Rafiki mmoja alinishauri niseme heri badala ya kheri. Sikukubali. Sikio la pwani halihitaji kuona kinywa ili lijue kilichopunguzwa.

Mwezi ujao anaolewa mjukuu wa dada yangu, nao wamenichagulia utenzi ambao kina chake cha mwisho, ubeti hata ubeti, ni -ku. Kila baada ya swala ya alfajiri naujaribu kwa sauti: mstari wa nne ukiisha, narudisha ncha ya ulimi mbele, nasubiri meno yatue, ndipo navuta pumzi ya ubeti unaofuata.