Nguva na Jina Lake

Neno "nguva" katika lugha ya Kiswahili limebeba mizigo miwili. Mzigo wa kwanza ni kiumbe cha ngano: mwanamke kutoka kichwani hadi kiunoni, samaki kutoka kiunoni hadi mkiani, mwenye nywele ndefu na sauti ya kuwapoteza mabaharia. Mzigo wa pili ni mnyama wa damu na nyama, mkubwa, wa rangi ya kijivu, mpole kupita kiasi, ambaye shughuli yake usiku na mchana ni kula majani. Watunzi walimpenda yule wa kwanza. Wavuvi walimjua yule wa pili. Leo, mtoto wa skuli katika miji mingi ya mwambao akiulizwa nguva ni nini, atamwelezea wa ngano bila ya kusita, na wa pili hatadhani hata kwamba yupo.

Jambo hili si dogo. Neno linapoacha kutaja kitu kilicho hai, aghalabu kitu chenyewe nacho huwa kimekwisha kuanza kutoweka.

Basi huyu nguva wa kweli ni nani? Ni mnyama anyonyeshaye, anayeweza kufikia urefu wa mita 3 na uzito wa kilo 400 na zaidi. Hana matamvua, huvuta pumzi kwa mapafu, na kila baada ya dakika chache hana budi kupanda juu, akatokeza pua, kisha akazama tena. Jamaa zake wa karibu walio hai nchi kavu si ng'ombe wala kiboko, bali ni ndovu na pimbi. Majini amebakiwa na jamaa wa aina tatu tu: mmoja ni wa Mto Amazon, mmoja wa Karibi na Florida, na mmoja wa Afrika Magharibi, ambaye hupanda mito hadi mbali na bahari. Hao watatu mkia wao ni wa mviringo kama kafi. Nguva wa mwambao huu ana mkia wa panda, kama wa pomboo.

Mama nguva ana matiti mawili, nayo yako karibu na makwapa. Mwenye kumwona kwa mbali wakati wa machweo, ametokeza kichwa juu ya maji na mwanawe yuko ubavuni, si ajabu akadhani ameona mtu. Na walioona hivyo si Waswahili peke yao. Waarabu walimpa jina la bi harusi wa bahari. Wamalai humwita duyung, na jina hilo hilo hulitumia kwa binti wa ngano mwenye mkia wa samaki. Christopher Columbus naye, akipita karibu na kisiwa cha Hispaniola mwezi wa Januari 1493, aliandika kwamba ameona viumbe watatu wa aina hiyo, na kwamba hawakuwa wazuri kama wanavyochorwa. Wengi wanaona kuwa aliowaona ni wale wa jamii ya nguva wanaoishi Karibi. Pwani nyingi, basi, zilizaa sitiari moja, kwa kuwa mnyama mwenyewe aliielekeza.

Makazi ya nguva ni malisho yaliyo chini ya maji. Majani anayoyala si mwani, ingawa wengi huyachanganya. Haya ni mimea kamili, yenye mizizi, maua na mbegu, inayoota katika maji machache yapatayo mwangaza wa jua. Nguva hushuka, hukandamiza mdomo wake mpana mchangani na kung'oa majani pamoja na mizizi, akaacha nyuma yake mchirizi mrefu kama wa jembe. Mkulima huyu hupanda pia, kwani mbegu alizozimeza huzitoa mahali pengine, na baadhi yake huota. Katika malisho hayo hayo hula tasi na kobe wa bahari, na humo hukulia watoto wa kamba na wa samaki wengi wanaofika sokoni. Penye nguva, kwa hivyo, pana dalili kwamba bahari bado ina afya.

Zamani malisho ya namna hii yalimlea mnyama huyu katika sehemu nyingi za mwambao: visiwa vya Lamu na Kiunga, mdomo wa Mto Tana, Rufiji na mkondo wa Mafia, Kilwa, hadi pwani ya Msumbiji. Miaka ya 1960 palionekana katika pwani ya Kenya kundi la mamia. Miaka ya 1990, watafiti waliporuka kwa ndege juu ya pwani hiyo, waliowaona katika safari moja hawakuzidi vidole vya mikono miwili. Mwezi wa Desemba 2022, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile liliwaweka nguva wa Afrika Mashariki katika daraja la walio hatarini mno kutoweka: wazima waliokwisha kupevuka walikadiriwa kuwa chini ya 250. Wengi wao wamo katika visiwa vya Bazaruto, Msumbiji, ambavyo vilifanywa hifadhi mwaka 1971.

Kilichowamaliza kinajulikana. Zamani waliwindwa kwa ajili ya nyama na mafuta yao. Siku hizi adui mkubwa ni jarife, wavu wenye macho makubwa unaotegewa papa na taa na kuachwa majini usiku kucha. Nguva hunaswa, hushindwa kupanda juu kuvuta pumzi, na kufikia alfajiri amekwisha kuzama. Wahenga walikwisha kusema: mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Mvuvi anayemkuta hakumkusudia, na pengine hajapata kumwona mwingine maishani mwake.

Kifo kimoja cha namna hiyo ni hasara isiyolipika upesi. Nguva jike huweza kufika umri wa miaka 6 hadi 17 kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Hubeba mimba kwa zaidi ya mwaka mmoja, huzaa mtoto mmoja, humnyonyesha kwa mwaka na nusu au zaidi, na huenda ikapita miaka 3 hadi 7 kabla hajazaa tena. Hata mahali penye amani kamili, idadi yao haiwezi kuongezeka kwa zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka. Mnyama huyu anaweza kuishi miaka 70, na bahari haikumuumba kwa mashindano na nyavu.

Namna jamaa huyu anavyoweza kumalizika ilikwisha kuonekana. Mwaka 1741, mtaalamu wa viumbe Georg Wilhelm Steller alivunjikiwa na jahazi katika kisiwa kimoja baina ya Urusi na Alaska. Alikuta huko nguva wakubwa ajabu, wapatao mita 8 kwa urefu, wakila mwani karibu na ufuko. Mabaharia waliwala. Steller aliandika jinsi jike mmoja alivyouawa na kuvutwa pwani, na dume wake akaja siku mbili mfululizo hadi pale alipolala. Waliofuata nyuma waliendelea kuwinda, na kufikia mwaka 1768 hakuwa amebaki hata mmoja. Ilitosha miaka 27 tu. Leo mnyama huyo anaitwa nguva wa Steller, kwa jina la mtu aliyemwona.

Hapa ndipo ngano inapostahili kutazamwa tena. Haina kosa, wala hapana haja ya kuifuta. Ni mali ya mwambao. Lakini ina hila moja: inaziba pengo. Maadamu nguva wa nywele ndefu anaendelea kuishi katika hadithi na mashairi, sikio halishtuki kwamba nguva wa kijivu hasikiki tena. Jina linaitwa kila siku, na mwenye jina haitiki.

Katika ngano, nguva huimba na baharia hufa. Baharini mambo ni kinyume. Nguva wa kweli ana sauti nyembamba, milio mifupi inayofanana na ya ndege, ambayo mama na mwanawe huitana nayo chini ya maji. Hana desturi ya kumzamisha mtu. Ni yeye anayezama, kwa wavu aliouacha baharia, bila ya kusikiwa na mtu aliye juu. Mtunzi atakayelitumia neno hili baada ya leo ana hiari ya kuchagua mzigo autakao. Ila ajue kwamba mmoja kati ya mizigo hiyo bado unavuta pumzi, na hauna muda mrefu wa kungoja.