Mwaka Wangu kwa Mchawi wa Glastonbury

Mwaka 2003 nilipanga chumba Glastonbury, mji mdogo wa Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza, nikifanya kazi ya kutunza wazee. Barabara kuu ilinuka ubani duka hadi duka. Waliuza mishumaa, majoho, mawe ya rangi na fimbo za kutembelea zilizochongwa nyoka. Juu ya mji kilisimama kilima cha Tor, na kileleni mnara wa Mtakatifu Mikaeli, uliobaki peke yake baada ya kanisa lake kutoweka.

Mwenye nyumba wangu alikuwa mwalimu mstaafu, mjane. Alitaka nimwite kwa jina lake. Ulimi ulikataa, nikamwita Bibi. Siku za mwanzo tu, akinimiminia chai, aliniarifu kwamba yeye ni mchawi. Kwetu Mlalo, milimani Usambara, mtu hajitangazi hivyo. Hutangazwa na wenzake, na akishatangazwa hana maisha tena pale kijijini. Chai ile niliinywa polepole sana.

Bibi alikuwa mfuasi wa Wicca. Shetani hakumwabudu wala hakuamini kwamba yupo. Aliheshimu Mungu wa kike, na Mungu wa kiume mwenye pembe, na sikukuu nane zinazofuata mzunguko wa jua na mavuno. Asili ya dini yake aliijua vizuri, na hakuipamba. Ilianza na Gerald Gardner, ofisa wa forodha aliyetumikia Malaya, aliyestaafu akarudi Uingereza mwaka 1936. Sheria ya uchawi ya 1735 ilipofutwa mwaka 1951, njia ya kuitangaza ikawa wazi. Mwaka 1954 akachapisha kitabu kuhusu uchawi. Alidai amepokelewa na wachawi wa eneo la New Forest, warithi wa dini ya kale kuliko Ukristo. Madai hayo yaliegemea nadharia ya Margaret Murray, mtaalamu wa Misri ya kale, aliyeandika mwaka 1921 kwamba wachawi waliohukumiwa Ulaya walikuwa waumini wa dini ya siri. Wanahistoria waliikataa. Mwaka 1999 Ronald Hutton wa Chuo Kikuu cha Bristol alieleza kwa kirefu jinsi Wicca ilivyoundwa katika karne ya 20. Kitabu chake kilikuwa rafuni kwa Bibi, kimejaa alama za penseli. Sala nyingi alizozipenda ziliandikwa upya na Doreen Valiente miaka ya hamsini. “Sala zangu nimezizidi umri,” alisema akicheka.

Tarehe 31 Oktoba ilikuwa Samhain, sikukuu ya wafu. Kwenye meza ya jikoni alipanga kisu chenye mpini mweusi, kikombe, kibakuli cha chumvi na matofaa ya bustanini. Alipakua sahani tatu: yake, yangu, na ya marehemu mumewe. Tukala bila kusema neno. Baadaye alinieleza kwamba mumewe alipozikwa, kanisa lilifanya kila kitu vizuri, kisha yeye akarudi nyumbani hana la kumfanyia. Dini hii ilimpa la kufanya, kila mwaka, kwa mikono yake mwenyewe.

Hapo nikamkumbuka babu yangu. Alikuwa akitambika, akimwaga pombe ya miwa chini ya mti, na baba, mzee wa kanisa, alitukataza kusogea. Babu hakuichagua desturi ile. Alizaliwa ndani yake, na aliamini mizimu ikisahauliwa hukasirika. Bibi aliichagua ya kwake utu uzima, na hakuogopa hasira ya mtu. Lakini wote wawili walikataa kwamba kuzika ndiyo mwisho wa wajibu.

Jumapili iliyofuata nilimpigia baba simu, nikamuuliza babu alikuwa akisema nini pale mtini. Nilitegemea kukemewa. Akanyamaza kidogo, halafu akataja majina ya mababu, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa saba, bila kukwama. Mzee wa kanisa aliyahifadhi yote.